Nauli ya Kurudi Busisi

Mama alikuwa mbishi, na ubishi wake mkubwa niliuona kwenye geti la kivuko, Busisi. Utaratibu pale ulikuwa mmoja. Gari lililipiwa kivyake, likaingia kivukoni na dereva wake tu. Abiria wote mlishuka, mkapita geti la watembea kwa miguu, kila mtu akigusisha kadi yake ya nauli kwenye mashine. Kama una salio, chuma kinakupisha. Kama huna, unarudi dirishani kuongeza pesa huku wenzako wakikutazama. Aliyeruhusiwa kubaki ndani ya gari ni mgonjwa asiyejiweza.

Siku niliyomfuata nyumbani kumpeleka hospitali ya mjini, tumbo lilikuwa limemvimba na miguu imemwishia nguvu. Nilikodi gari dogo makusudi ili asitembee. Tulipofika getini nikamwambia atulie kwenye kiti, mimi nitamlipia. Akafungua mlango.

"Mimi si mzigo," alisema. "Mzigo ndio unapita na gari."

Nilikasirika. Nilimwambia hakuna anayegawa zawadi kwa wanaotembea. Alikuwa ameshafungua fundo la kitenge na kutoa kadi. Alianzia dirishani, akataka awekewe nauli ya kwenda na ya kurudi. Karani akamweleza kwamba si lazima, ataongeza siku akirudi. Mama akasema hamadi kibindoni. Siku ya kurudi kwake hataki kusimamishwa na mtu. Kisha akapita geti kwa miguu yake, ameshikilia chuma, na waliokuwa nyuma yetu wakasubiri bila kunung'unika. Tulipokaa kwenye benchi la kivuko alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikacheka, hasira ikaisha.

Hospitali alikaa majuma kadhaa, na hayo sitayasimulia. Kadi aliilaza chini ya mto. Kila nilipotoka kwangu Mkolani na chupa ya uji, aliniuliza kama foleni ya Kigongo, geti la kivuko la upande wa mjini, siku hiyo ni ndefu. Nami sikuwa nimefika Kigongo, lakini nilimjibu kuwa ni fupi, watu wanapita tu. Juma la mwisho hakuuliza tena. Hapo nilijua, nikaenda kulia kwenye ngazi za wodi.

Tulimrudisha ndani ya jeneza. Kigongo dereva aliniambia nibaki garini na mama, hakuna atakayenishusha mfiwa. Nilishuka. Niligusisha kadi yangu, halafu nikatoa ya mama na kumwomba mwanamke aliyekuwa analinda geti aniruhusu niigusishe na yenyewe.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Marehemu halipi. Irudishe tu mfukoni."

Alisema kwa upole, na bado nilimchukia kana kwamba ni yeye aliyeniulia mama. Nilimwambia hii si habari ya kulipa, pesa imo. Huyu mama yangu alitaka kupita hapa kwa miguu yake. Akanishika bega, akanisogeza mbele taratibu kwa sababu watu walikuwa wengi. Nilivuka nimesimama kando ya gari, mkono juu ya kioo. Mama alivuka ndani ya gari, jambo alilolikataa akiwa hai, na sikuweza kumsaidia.

Siku hizi kuna daraja. Watu wanalisifu, na wana haki. Wagonjwa wengi walichelewa pale wakisubiri kivuko. Basi linapita moja kwa moja, hakuna anayeshuka, mzima na mgonjwa wote wamekaa kwenye viti vyao. Najua mama angelibishia hata daraja. Angemsimamisha dereva mwanzoni, ateremke, atembee mpaka ng'ambo, na mimi nyuma yake nikilalamika.

Mara ya mwisho kupita hapo nilikuwa nakwenda kupalilia kaburi lake. Tulipoingia darajani nikatoa ile kadi kwenye pochi. Nauli yake ya kurudi nyumbani bado imo, na geti la kuipokea halipo tena. Machozi yakanitoka. Dada aliyekaa pembeni yangu, ambaye hatukuwa tumesemeshana tangu mjini, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninaogopa maji.

Nikamwambia ndiyo. Akanishika mkono mpaka tulipofika ng'ambo.