Ulimbo Ukutani Tanga

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa brashi wala msumeno. Nilipewa sufuria nyeusi na mzigo wa kuni, nikaambiwa nikae nyuma ya karakana nichemshe gundi. Nami nilikuwa nimevaa gauni la sikukuu, kwa sababu niliambiwa ni kazi ya picha, na picha nilizozijua mimi ni zile za kamera, mtu anakaa kwenye kiti na kukunja mikono. Gauni lile lilinuka ngozi ya mbuzi hata baada ya kufuliwa, mwisho nikaligeuza dekio.

Ilikuwa Lushoto, miaka michache baada ya Uhuru. Karakana yetu ilikuwa ya picha za kubandika. Vijana wa siku hizi wakisikia picha wanafikiri rangi, lakini sisi hatukupaka rangi kabisa. Ukitaka kijani unakwenda msituni kubandua kuvumwani, ule ukoga laini wa miti, kwenye magogo. Ukitaka nyekundu unachimba udongo kingoni mwa barabara ya Soni. Nyeusi ilikuwa magome ya miwati yaliyoungua. Maganda makavu ya mgomba yana rangi zote za ngozi ya mtu, kuanzia mweupe kama mimi mpaka Fundi Mkuu, ambaye tulimtafutia ganda la chini kabisa, lililo jeusi. Vyote hivyo, na vipande vya bati, chupa zilizovunjika na nyuzi za mkonge, tulivipanga juu ya ubao mpaka viwe mlima au ndege au mtu anayelima.

Gundi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya ngozi, unachemsha ngozi za mbuzi na kwato mpaka maji yawe mazito, na hiyo ilishika vitu vizito kama bati na kioo. Lakini ukiipaka chini ya kuvumwani inaacha doa la kahawia. Kwa vitu vyepesi tulitumia ulimbo, yaani utomvu wa mkuyu uliochemshwa na mafuta kidogo, ule ule watoto wanaoupaka vijitini kunasia ndege. Kwa baridi ya Lushoto, ulimbo ukiupaka mwembamba unashika utando juu baada ya siku chache na haunati tena. Mimi ndiye niliyeuchemsha, na nitasema bila kujivuna, hakuna aliyeuchemsha vizuri zaidi.

Hata hivyo nilikuwa kibarua tu. Kibarua maana yake unakwenda asubuhi hujui kama jioni utaambiwa kesho usije. Mume wangu alikuwa amenirudisha nyumbani na mtoto mgongoni, nikawa nakaa kwa kaka yangu, ambaye mkewe alihesabu ndizi chunguni kabla mimi sijakaa. Mzee mmoja wa Vuga alikuwa ameleta posa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, mbuzi wengi, na kikohozi. Kaka yangu alisema maharage yakivunwa nami sijapata ajira ya kudumu, nitakwenda Vuga, basi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Wakubwa wangu walikuwa wawili. Fundi Mkuu alijifunza useremala misheni ya Mlalo, akitengeneza mabenchi na majeneza, na mpaka mwisho alipima kila picha kana kwamba kuna mtu atalala ndani. Meneja alikuwa kijana kutoka mjini, mwenye viatu vya ngozi ambavyo matope yetu yaliviadhibu. Siasa ya Ujamaa ilipoingia tuliambiwa tuache kusema Bwana, tuseme Ndugu. Sisi tulijitahidi. Fundi Mkuu aliendelea kumwita kila mtu Bwana, hata mbuzi wa jirani aliyekuja kula maganda yetu.

Basi likaja agizo. Ukumbi mmoja wa mikutano ulikuwa unajengwa upya Tanga, na walitaka picha kubwa ya ukutani, picha ya mambo ya asili yaliyo mjini. Si milima, si maporomoko. Fundi Mkuu aliuliza mji una asili gani zaidi ya moshi. Meneja aliniita mimi pembeni.

"Mama Rehema, picha hii ikipokelewa nakuandikia ajira ya kudumu. Ikirudishwa, sitakuwa na kazi ya kibarua hata mmoja."

Nilisema ndiyo, Ndugu Meneja. Maharage yalikuwa yameshaanza kukauka shambani.

Tulishuka Tanga mimi na Fundi Mkuu kwenda kuuangalia mji. Joto lilianza Mombo, nikavua sweta. Yeye hakuvua koti mpaka tunarudi, alisema koti ni heshima. Tulitembea tukiokota, na watu walituona wendawazimu. Tuliokota majani mekundu ya mkungu, vikokwa vya mvinje, manyoya ya kunguru, nyasi zilizoota kwenye reli. Popo walikuwa wamening'inia mtini mchana kweupe, juu ya fundi cherehani aliyekuwa na mwavuli, na wala hakukuwa na mvua. Halafu nikaona kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, karibu na dirisha, mti umeota kwenye ufa. Nikautazama majani. Ulikuwa wa ukoo wa mkuyu wangu, nikavunja jani, maziwa yakatoka.

"Hauna hata udongo," nikasema.

"Nao umekuja mjini kutafuta kazi," akasema Fundi Mkuu.

Tuliifanya picha ile Lushoto mpaka vidole vikachubuka. Chini tuliweka mkanda wa chupa za kijani, ndiyo bahari. Nyumba zilikuwa za chokaa na mchanga, kunguru wa magome na bati, miti ya kuvumwani na majani ya kweli, na pale kwenye ukuta tukaotesha mkuyu. Ilipokaribia kwisha Meneja akaja, akaikagua pembe hadi pembe.

"Uko wapi Ujamaa humu?"

"Kunguru wanakula pamoja, Bwana," akasema Fundi Mkuu.

Meneja hakucheka. Akaamuru tuweke jembe kubwa la bati katikati. Fundi Mkuu alinung'unika kwamba nani analima barabarani, lakini alilikata, na akalikata vizuri. Mimi nikalizungushia ulimbo mwingi ili nyasi zilifunike mpini.

Lori likatupeleka Tanga na picha ikiwa imefungwa mablanketi. Tuliitundika siku moja kabla ya ufunguzi, tukaacha taa zikiwaka na madirisha wazi kwa sababu ya joto, tukaenda kulala kwa ndugu yake Fundi Mkuu. Jioni ile mvua ilinyesha kidogo. Ulikuwa pia wakati wa misufi kupasuka. Mambo haya mawili sikuyafikiria, na joto lenyewe sikulifikiria. Ulimbo ulioshika utando Lushoto, Tanga uliyeyuka ukawa kama siku nilipouepua.

Asubuhi tulimkuta Meneja amesimama mbele ya picha bila kofia. Sufi ilikuwa imejaa juu yake kama ukungu wa kwetu. Kumbikumbi waliofuata taa walikuwa wamenata kwa mamia, mabawa yameenea angani na juu ya mapaa. Na pale kwenye mpini wa jembe, shomoro hai alikuwa ananing'inia kwa miguu, anapiga kelele.

"Niliagiza picha," akasema Meneja, "nyie mmeniletea mtego."

Sauti yake haikuwa kubwa. Akauliza nani aliweka ulimbo, nikasema mimi. Nilikuwa nimeshaiona Vuga, na vyungu vya kule, na kikohozi.

Aliyetuokoa ni Bi Mwanaisha, mhudumu wa ukumbi, mama mtu mzima aliyekuja na ufagio. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akausogelea ukuta, akanusa.

"Mwanangu, huu ulimbo. Kwenu ndege mnawanasa ukumbini?"

Alileta mafuta ya nazi. Nilimshika shomoro, nikampaka miguu taratibu kidole kimoja kimoja, Bi Mwanaisha akimwambia atulie kwani hakuna anayemla leo. Akaruka kupitia dirishani, akaacha unyoya mmoja wa mkia. Tulijaribu kubandua kumbikumbi, lakini kila bawa lilikuja na kipande cha kuvumwani. Fundi Mkuu akasema tuache, la sivyo tutabaki na ubao. Tukachota majivu jikoni, tukachanganya na mchanga mkavu wa pwani, tukaupuliza juu ya picha yote kwa midomo kama watu wanaopuliza moto. Ikaacha kunata. Ilikuwa na vumbi, imefifia, ina sufi mapaani na mabawa hewani. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia.

Mgeni rasmi alitoa hotuba ndefu akiwa ameipa picha mgongo. Mimi nilisimama mlangoni na Bi Mwanaisha nikitazama jembe. Hotuba ilipokwisha alianza kutoka, akarudi, akavaa miwani, akainama.

"Hawa kumbikumbi mmewabandika mmoja mmoja?"

Meneja akadakia. "Ndiyo, ndugu. Mafundi wetu wana subira."

"Na vumbi hili?"

"La Tanga hii hii, ndugu."

Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hata nyumbani kwake mvua ikinyesha taa hujaa hivi. Akatoka. Fundi Mkuu aliniambia hongea, yaani hongera kwa Kishambaa, polepole, wala hakunitazama.

Kwenye lori tulianza kupanda kutoka Mombo na baridi ikaingia. Hapo Meneja akasema ajira ataniandikia, ila ulimbo asiuone tena karakanani kwake. Nikasema ndiyo, Ndugu Meneja. Mzee wa Vuga alioa mjane wa Bumbuli, wakaishi vizuri tu, na kikohozi kile kilimwacha.

Lakini uongo wa Meneja ulikuja kutulipisha. Ofisi nyingine ikaagiza picha kama ile, na kumbikumbi waliobandikwa mmoja mmoja. Kila msimu wa mvua tukawa tunakusanya mabawa kwenye ungo na kuyabandika kwa kibanzi, kwa gundi ya ngozi, tukizuia pumzi maana ukipiga chafya kazi ya siku nzima inaruka. Macho yangu yaliharibikia pale. Nilifanya hivyo chini ya mameneja watatu. Wa pili alituanzishia kisomo cha jioni, ndipo nikajua kuandika haya. Wa tatu alituunganisha na ushirika wa mafundi wa vikapu. Huyo ndiye aliyeniaga nilipostaafu, akanipa blanketi.

Nikiulizwa kazi hii ilikuwaje, nasema ilinilisha, ikamsomesha Rehema, na sikuhesabiwa ndizi tena. Picha nilizotengeneza kwa gundi ya ngozi zilikuwa safi na imara. Zilibaki vile vile tulivyozitoa, hakuna kilichozisogelea. Sizilaumu.

Nilipostaafu nilikwenda Tanga kumsalimia Rehema, aliyeolewa huko, nikamwambia anipeleke ukumbini. Bi Mwanaisha alikuwa ameshafariki. Picha bado ipo, imeliwa pembeni na mchwa, na majani ya mkungu yamekuwa unga. Kumbikumbi wapo. Unyoya wa shomoro upo. Ilikuwa saa saba mchana, joto lile lile. Nilipitisha kidole nyuma ya mpini wa jembe, mahali ambapo majivu hayakufika.

Rehema aliniuliza natabasamu nini. Nilikuwa nakivuta kidole, nacho kinakuja polepole.