Dada wa Sponji

Jina la Sponji alipewa na wateja, na si kwa ajili ya magodoro tu. Alikuwa fundi makochi mwenye sauti laini, mtu wa pole nyingi na samahani nyingi, ukimbonyeza hapa anafura pale. Yeye aligonga mbao na kupiga porojo na wateja. Mkewe, mama wa watu, ndiye aliyekata vitambaa, akashona mito na kuyavisha makochi mpaka vidole vikaota sugu. Vumbi la sponji likamkaa kifuani, akawa anaamka na kikohozi kila asubuhi.

Walipohamia mtaa mpya na kununua nyumba yenye karakana mbele, alidhani sasa mambo yamemnyookea. Majirani walimpokea vizuri ajabu, na kila mtu alimwita Dada. "Dada, hujambo?" "Dada, kochi langu tayari?" Hakuwa na mtoto, na kule walikotoka watu walimwita tasa kisogoni, kwa hiyo hili la Dada lilimkaa vizuri. Alijiona hata umri umepungua. Naye, kwa adabu aliyofunzwa kwao, hakulitamka jina la mumewe mbele za watu. Mteja akiuliza, alijibu, "Mwenyewe katoka." Sponji alikuwa amehamia chumba cha pili kwa kisingizio cha mgongo, ila akimtaka mke mgongo ulipona na njia aliijua. Mambo hayo mwanamke hakuyatoa nje, hata kwa msusi wa nyumba ya jirani, shoga yake wa kufa na kuzikana.

Siku aliposikia Sponji anaoa, aliacha sindano kwenye kitambaa akaenda mbio ofisi ya ndoa kuweka pingamizi. Karani akapekua, akapekua tena, akavua miwani.

"Pingamizi la nini, mama? Bwana huyu alishakuacha zamani, na talaka ni ya mahakama."

Ndivyo alivyoyajua. Kabla hawajahama, Sponji alikuwa amekwenda kuapa mbele ya mahakama kwamba mkewe katoroka na hajulikani alipo. Shati aliloapia alikuwa amepigiwa pasi asubuhi ile na huyo huyo asiyejulikana alipo! Akapewa talaka, akarudi nyumbani, akaoga, akauliza kuna chakula gani. Na mwanamke akampakulia, siku ile na miaka yote iliyofuata, akijua ana mume.

Akashitaki apate nusu ya nyumba. Hakimu, mwanamke asiye na maneno mengi, akamweleza bila kumficha. Nyumba ilinunuliwa baada ya talaka, kwa hiyo si mali ya ndoa ile. Limebaki jambo moja: kama majirani waliwajua kuwa ni mke na mume, mahakama inaweza kuwahesabu hivyo na kuigawa nyumba.

"Majirani tu?" Karibu acheke. "Mheshimiwa, mtaa mzima unanijua!"

Akamleta msusi. Msusi alivaa gauni lake la harusini, akaapa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Namfahamu sana huyu, mheshimiwa. Mchapakazi, hana makuu. Ile karakana ni mikono yake, asikudanganye mtu."

Mshonaji akashusha pumzi. Sponji aliinamisha kichwa kama mtu anayesali.

"Na bwana huyu ni nani yake?" hakimu akauliza.

Msusi akashangaa, swali gani hili. "Si kaka yake!"

"Nani alikuambia?"

"Kaka mtu ndiye aliyetuambia. Walipohamia tu alipita nyumba hadi nyumba akisema: Huyu ni dada yangu, ameachika, nimemchukua anisaidie kazi, msimsumbue na maswali. Ndiyo maana sote tunamwita Dada." Hapo akaona uso wa shoga yake. "Dada... nimesema vibaya?"

Mtaa mzima ulijua kwamba ameachika. Yeye tu ndiye hakuwa na habari.

Hakimu akamgeukia. "Wewe ulimwitaje mbele za watu?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

Angeanzia wapi? Kila mke anasema hivyo, na kila mke anajua maana yake, lakini mle ndani neno lilisikika kama risiti ya nyumba. Alifungua kinywa, kikatoka kikohozi.

Nyumba na karakana zikawa za Sponji. Vya kabla ya talaka ndivyo vya kugawana, navyo vilikuwa viwili, kitanda na cherehani. Sponji akasimama, machozi yamemlenga, akasema cherehani achukue dada, samahani, achukue mlalamikaji, yeye hana kinyongo na mtu.

Mwanamke alipokwenda kuichukua, mlango ulifunguliwa na msichana mwenye hina mbichi mikononi, bibi harusi mtarajiwa.

"Wifi! Pita, wifi, mbona unasimama nje?"

"Mimi si wifi yako," akasema taratibu. "Huyu alikuwa mume wangu. Mpaka juzi juzi alikuwa akija kulala kwangu."

Msichana hakukasirika. Alimshika bega kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Pole, wifi. Aliniambia utasema hivyo. Akaniomba nisikuchukie, ni maradhi yaliyokupata ulipoachika."

Nyuma yake Sponji alikuwa anasogeza makochi kuwapisha, akiwaonya kwa sauti yake laini wasije wakaumia. Msichana akashika cherehani upande mmoja, akainua.

"Ukipata nafuu urudi ukae nasi," akasema. "Kazi ni nyingi, na mimi kushona sijui."

Mshonaji akashika upande wa pili, kwa kuwa cherehani ilikuwa nzito na peke yake hakuiweza.