Mama wa Ajali Kwenye Kiti cha Dereva

Kuramoto, mnunuzi wa vyuma chakavu, alileta kreni yake akidhani mabehewa yaliyogongana yangekuwa yake kabla ya chai. Kumbe mchunguzi wa ajali, mama mfupi mwenye sauti ya chini, hakuwa na haraka. Kila chuma alikivulia glovu kwanza, akakipapasa kama anayepima homa ya mtoto.

“Ulinyoosha kidole kwenye taa ya reli ukaita rangi yake kwa sauti, kama kanuni ya madereva inavyotaka?” alimuuliza dereva Hisanaga, ambaye magazeti yalishamwita muuaji.

“Niliita, mama. Kijani. Naapa.”

“Anaapa tena!” fundi wa taa akacheka. “Ilikuwa nyekundu, mzee.”

Kesho yake, saa ileile ya ajali, mama aliketi kwenye kiti cha dereva cha treni nyingine, Kuramoto akichungulia mlangoni. Akanyoosha kidole kama dereva yeyote, akaita: “Kijani!”

Redio ikakohoa, sauti ya fundi wa taa ikatoka. “Mama, nimewasha nyekundu.”

Hakushusha kidole. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia kwenye kioo cha kijani cha taa, likakiwasha hata nyekundu isionekane.

“Basi hata mimi ningegonga,” akasema redioni, wote wakisikia. “Treni isipite hapa mpaka taa hii ing'olewe.”

Kuramoto, aliyezoea wenye vyeo wanaokiri kosa wakishabanwa tu, akamgeukia mtu wake wa kreni. “Zima mashine. Huyu haharakishwi.”