Wanataka Niuze Kaburi la Mume Wangu Nikomboe Gari Lake

Ninyi mnaojaza ukurasa huu kila wiki kwa kulilia wanaume waliowaacha, leo pisheni. Futeni kamasi, mkae, msome habari ya mtu mzima. Na wewe mhariri, jina langu lifiche, lakini hasira zangu usizipunguze.

Mimi ni bibi, nakaa Igoma. Miaka yangu ni sabini, labda na kidogo. Aliyejua hasa ni mama yangu, naye yuko udongoni. Shule sikuikanyaga. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye ghala la pamba, pamoja na wanawake wenzangu, kwa hiyo barua hii nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Sijawahi kuomba chumvi kwa jirani. Leo naomba shauri, na kuomba kwenyewe kunaniuma.

Marehemu mzee wangu alikuwa na pikapu. Kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini ndiyo iliyotulisha. Ilibeba nyanya, ikabeba dagaa, ikabeba maharusi, ikabeba na wafu wa watu. Masika haya alipata habari kwamba dada yake anaumwa Ukerewe. Akaiacha pikapu kwenye uwanja ule karibu na bandari, akapanda meli. Uwanja ule haukuwa wa mtu. Wanawake walianika dagaa, mbuzi walijilalia, na kila aendaye visiwani aliacha gari lake pale. Ukirudi unampa mzee mmoja wa pale samaki wawili watatu kwa kukutazamia, mnaagana.

Basi mzee wangu alikwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa akapona, yeye akafa. Tumbo tu. Wakamrudisha kwa meli ileile, amefungwa shuka, tukamzika hapa nyumbani pembeni ya zizi.

Ufunguo wa gari waliukuta mfukoni mwa shati lake, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Watoto wakasema, "Mama, tukalichukue gari." Nikakataa. Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe, wazee wakae, wamtaje wa kushika nafasi yake. Utaendeshaje gari la mtu ambaye udongo wake haujakauka? Na mwanangu mkubwa, ambaye ndiye wa kurithi, alikuwa mbali Mpanda. Walimpunguza kazi kiwandani Nyakato akaenda kuhangaika huko, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tukamngoja. Msije mkaniambia nilikosea. Kama nimekosea mimi, basi wamekosea mababu wote wa upande huu wa ziwa.

Alipofika na wazee wakamaliza kazi yao, nilimkabidhi ufunguo, tukaenda naye bandarini. Sikuutambua uwanja. Nguzo zimechimbiwa kuuzunguka, mnyororo getini, kibanda kipya cha mabati, na bango kubwa. Akatoka kijana mwenye kofia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Fungua mnyororo, tumekuja kuchukua gari letu."

Akalitazama. "Lile pale? Bibi, lile limelala hapa tangu tuanze kazi. Linadaiwa pesa ya kuegesha ya kila siku iliyopita."

"Limelala? Mlilitandikia kitanda? Lilikuwa linakoroma?"

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. "Bango limeandikwa, bibi."

"Mwenye gari alikufa kabla bango lenu halijapakwa rangi. Mlitaka alisomee kaburini?"

"Kampuni haijui habari za msiba, bibi yangu. Mimi nimeajiriwa tu."

"Kampuni isiyojua msiba haikuzaliwa na mwanamke," nikamwambia.

Tajiri wao akatoka kibandani, tumbo limetangulia. Hata salamu hakutoa. "Mama, hizi ni siku za ruksa. Soko huria. Kila kitu sasa kina mwenyewe." Akamtajia mwanangu deni. Pesa ile inakaribia bei ya gari lenyewe. Na kila tunapolala na kuamka deni linanenepa. Mwezi ukiisha, akasema, analipiga mnada.

Nimekwenda ofisi za mji. Nimekaa kwenye benchi mpaka miguu ikavimba. Wakaniambia uwanja umekodishwa, tukamalizane na kampuni wenyewe. Nimemwendea balozi wetu wa nyumba kumi, akanipa chai na pole. Ng'ombe waliobaki waliisha kwenye msiba. Bila lile gari mwanangu hana kazi, na wanawe wanne wanakula kwangu, nami nakula kwa nani?

Sasa sikilizeni kinachonikosesha usingizi. Juzi nimetoka kanisani, nikakuta vigingi vimepigwa kwenye kiwanja changu. Kimoja kiko hatua chache kutoka kichwani pa mzee wangu. Kumbe mwanangu amemleta mfanyabiashara mmoja anayetafuta mahali pa kujenga gereji, na amekwisha kupokea pesa za mwanzo. Nikamwita.

"Na baba yako je?"

Akainama. "Mama, tutamhamisha. Siku hizi watu wanahamishwa."

"Utamhamisha baba yako ili upate gari lake?"

"Mama, gari linatulisha. Kaburi halitulishi."

Niliingia ndani nikalia, nikauma kanga wajukuu wasinisikie. Kwa sababu watoto wana njaa kweli. Na gari likipigwa mnada, mtoto huyu ataondoka tena, nami nitafia mlangoni nikilinda udongo.

Nishaurini nyie mliosoma. Kuna aliyewahi kukomboa gari kwa watu kama hawa bila kuuza alipozikwa mtu wake? Alimwendea nani? Alisema nini? Andikeni upesi, mwezi hautungoji. Msiniandikie pole, pole ninazo.

Na wewe mwanangu, najua gazeti hili unalisoma kwa kinyozi. Kesho asubuhi, kabla hujanywa uji wangu, mrudishie yule mtu pesa zake. Kisha uje uving'oe vile vigingi kwa mkono wako, uanze na kile cha kichwani pa baba yako.