Fundi Kesho na Pazia la Matundu

Fundi wa nguo asiyedanganya tarehe hajazaliwa, na kama amezaliwa basi bado yuko mgongoni kwa mama yake. Hilo watu wanalijua na wamelizoea. Lakini yule mama mwenye cherehani mbili, kwenye chumba kinachotazamana na ghala la zamani la pamba, alikuwa amepitiliza. Ukimpelekea gauni la harusi, kesho. Ukimpelekea sare ya mtoto na shule zinafunguliwa Jumatatu, kesho. Ukirudi hiyo kesho anakutazama juu ya miwani kana kwamba mwenye kosa ni wewe. Watu wakamwita Fundi Kesho, jina likamganda, naye akalichukia mpaka basi. Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, "Haraka haraka haina baraka." Chini yake mteja asiyejulikana aliongeza kwa kalamu, "Ahadi ni deni."

Uvivu hakuwa nao. Mtu mvivu hafumui pindo mara tatu kwa sababu limekwenda kombo upana wa punje ya mchele, tena pindo la suruali ya kulimia. Akiona uzi unaning'inia ni kama ametukanwa. Nguo isiyonyooka haikutoka mlangoni kwake, na kwa kuwa nyingi hazikunyooka upesi, nyingi hazikutoka.

Wateja peke yao wangetosha kumzeesha, lakini akaongezewa wasanii. Pamba ilipokwisha, ushirika ulilifunga ghala, na baada ya miaka mitatu likafunguliwa na binti wa marehemu mdogo wake, aliyerudi kutoka chuoni na cheti cha sanaa na wenzake saba. Fundi alitarajia picha za kutundika sebuleni: maua, twiga, mama kabeba mtungi. Badala yake kukawa na mmoja aliyechomelea minyororo chakavu ya pikipiki akasema ni ndege, na ndege wenyewe hawana mabawa. Huyo, Fundi alimwita Baba Ndege. Kukawa na mwingine aliyezunguka malishoni na kamera akipiga picha miguu ya ng'ombe, miguu mitupu, ng'ombe mwenyewe haonekani. Huyo akawa Mama Kwato. Wote wanane walifanana kwa jambo moja tu, hawakuwa na vifaa. Sindano, waliifuata kwa Fundi. Mkasi, kwa Fundi. Futi yake ya kupimia ilikwenda ghalani ikarudi ina rangi ya bluu hadi sentimita arobaini. Umeme wao ulipokatika walivuta waya kupitia dirishani kwake, na tangu siku hiyo pasi haikupata moto wa maana.

"Shangazi, si sisi ni majirani?" binti alisema.

"Jirani hukopa chumvi. Nyinyi mmekopa nyumba nzima."

Mwezi mmoja mambo yakawa magumu ghalani. Mfanyabiashara wa mahindi alilitaka lile jengo, na mwenyekiti wa ushirika, mzee asiyependa maneno mengi, akawapa wasanii nafasi moja. Wafanye maonyesho Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yeye atakuja kuona. Akiona maana, watabaki. Asipoiona, yanaingia mahindi. Mwenyekiti huyohuyo alikuwa na suruali yake kwa Fundi, wiki ya saba sasa, kwa hiyo hata upande wa Fundi hakukuwa na wa kumtuliza.

Ndipo binti alipoingia kwa shangazi yake na magunia matatu ya nguo kuukuu. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiomba kila nyumba nguo moja iliyochakaa kuliko zote. Alitaka ziunganishwe ziwe pazia moja la kuziba ule mlango mkubwa wa ghala wa kuingilia malori, upande wa magharibi.

"Unganisha tu, Shangazi. Usizibe tundu hata moja."

"Yakae wazi?"

"Yakae wazi."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo binti alipoharibu. Angesema kwa maneno ya watu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikaa juu ya gunia, akafumba macho, akasema, "Kazi yangu inahusu kutokuwepo."

"Kutokuwepo kwa nani?"

"Si kwa mtu, Shangazi. Kutokuwepo tu. Nataka kutokuwepo kuonekane."

Fundi akamwuliza kama amekula.

Alipobaki peke yake alimwaga magunia sakafuni. Mashati yaliyokwisha viwiko, magauni yaliyotafunwa na panya, suruali ambazo matako yake sasa yalikuwa hadithi. Chini ya gunia la pili akakuta koti la kaki lililolika bega la kulia, tundu kubwa la kupitisha ngumi. Hakuhitaji kuangalia mara mbili. Kola ile aliigeuza yeye mwenyewe ilipochakaa upande wa juu. Ni koti la mdogo wake, baba wa binti, aliyebeba marobota ya pamba kwenye ghala hilohilo kwa miaka ishirini, siku zote kwa bega la kulia.

Alimletea koti lile Jumanne moja ya baridi, miaka sita iliyopita. Fundi alikuwa na gauni la mtu kwenye cherehani. "Kesho, mdogo wangu," akamwambia bila kuinua kichwa. Mdogo wake akasema, "Basi ngoja nilivae hivihivi, kuna baridi," akalitupia mgongoni, akaenda. Alhamisi moyo ukasimama akiwa kazini, akaanguka kati ya marobota. Watu walisema moyo una yake, hautoi taarifa. Fundi alilia pamoja na wengine, lakini habari ya koti hakumwambia mtu hata mmoja. Akakaa nayo. Kila aliposema "kesho" kwa mteja, neno lilimchoma, na kwa kuwa lilimchoma alilisema kwa ukali zaidi.

Sasa koti lilikuwa mapajani mwake tena, na tundu lilelile. Akatafuta kitambaa cha kaki, akakata kiraka, akakishona kwa mkono, uzi mara mbili, pindo la ndani limefichwa. Kilipokwisha ungedhani bega lile halijawahi kubeba kitu.

Angeishia hapo. Lakini ukishaziba tundu la ndugu yako, utaachaje la jirani? Tena wageni waje kutazama viwiko vya watu hadharani, halafu waseme fundi wa hapa ni nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta, Fundi alijiambia, na kazi ikaanza. Alishona asubuhi mpaka jioni kwa siku tisa. Wateja waliokuja aliwafukuza kwa mkono kama kuku. Akaziba matundu mia moja na kumi na saba, akaunganisha nguo zote, akamaliza siku mbili kabla ya siku yenyewe. Hilo halikuwahi kutokea tangu anunue cherehani, na alisikitika kwamba hakukuwa na shahidi.

Ijumaa saa kumi alasiri wasanii walilivuta pazia juu kwa kamba. Lilikaa sawasawa, halina kunyanzi. Binti alisimama katikati ya ghala akitazama sakafu. Akangoja. Jua lilikuwa limeshageukia upande ule na nje kulikuwa kunawaka, lakini ndani kulikuwa giza. Akaenda akalipapasa pazia kwa vidole vyote.

"Shangazi, matundu yako wapi?"

"Nimeyaziba yote. Usinishukuru."

Binti akaketi sakafuni, kwenye simenti, na gauni lake jeupe, lile wanalopenda wasanii. Aliposema, kwa mara ya kwanza alisema kama mtu.

"Jua lingepita, Shangazi. Jua la jioni lingepita kwenye kila tundu likaangukia hapa chini. Watu wangeingia wakatembea juu ya mwanga wa nguo zao wenyewe. Kazi haikuwa pazia. Kazi ilikuwa sakafu."

Fundi alisikia damu ikimpanda. "Sasa maneno hayo yalikuwa wapi siku zote hizi? Mdomo huna? Kutokuwepo, kutokuwepo! Ungesema jua ningekuelewa. Jua nalijua, ndilo linalonikaushia nguo!"

"Nilikwambia usizibe!"

"Uliniambia usizibe, hukuniambia kwa nini!"

"Ningekwambia ungecheka!"

"Ningecheka, ndiyo, halafu ningeacha matundu!"

Wakatazamana. Kilichoudhi kuliko vyote ni kwamba kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki haikufumua hata kiraka kimoja. Mama Kwato alijaribu kusema kwamba giza nalo lina maana. Wote wawili wakamgeukia, akanyamaza.

Jumamosi asubuhi pazia lilitandazwa sakafuni, na wasanii wanane wakalizunguka na nyembe na mikasi kufumua. Fundi alikaa katikati yao akiona kazi bora kuliko zote za maisha yake ikichanwa, na akateseka vilivyo. Shukrani ya punda ni mateke, alisema, kisha akasema tena kwa ajili ya waliokuwa mbali.

"Wewe, unafumua au unachinja? Uzi unakatwa hapa, hauvutwi! Nani kakupa mkasi wangu wa kitambaa? Ukikatia karatasi nakuua."

Baba Ndege peke yake alifanya vizuri. Mikono yake mikubwa yenye makovu ya moto ilitoa uzi mmoja mmoja bila kugusa nguo, na Fundi alikasirika zaidi, maana sasa hakuwa na sababu ya kumdharau.

Saa sita mchana vilikuwa vimebaki viraka vichache. Binti akafika kwenye koti la kaki na wembe mkononi.

"Hilo acha," Fundi alisema.

"Shangazi, hilo ndilo kubwa kuliko yote. Nimelipanga makusudi. Mwanga wake unaangukia mbele ya mlango mdogo, pale wageni watakapoingilia."

"Nimesema acha."

"Ni koti la baba yangu."

"Unadhani sijui ni la nani?" Sauti ilimtoka kubwa, wengine wakaacha kufumua. Na kwa kuwa alikuwa amechoka, na amekasirika, na hakuwa tena na nguvu ya kuficha, akasema. "Aliniletea Jumanne. Nikamwambia kesho. Alikufa na tundu lile begani, na mimi ndiye niliyemwacha nalo. Miaka sita sijalala vizuri. Sasa nimelishona, na wewe unakuja na wembe."

Binti alishusha wembe. Akamtazama shangazi yake kwa namna ya mtu anayezuia kitu, na Fundi akadhani ni machozi. Kumbe ni kicheko.

"Shangazi, Jumanne ile alifika nyumbani amelivaa. Mama akamwuliza, 'Dada yako hajalishona?' Baba akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, 'Dada akisema kesho, hesabu mwezi ujao. Acha bega lipate dirisha.' Akaenda nalo kazini akiwasimulia wenzake."

"Alisema mwezi ujao?"

"Mwezi ujao."

"Mimi?" Fundi alisimama. "Mimi huyu? Miaka sita nimejitafuna, nikidhani aliningoja, kumbe hakuningoja hata dakika moja! Na kunisema kote ghalani!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, miwani imekwenda upande, na alikuwa amemkasirikia marehemu kama watu wanavyowakasirikia walio hai. "Basi nimelimaliza. Umesikia? Limeshonwa. Likae limeshonwa, na huko aliko ajue."

"Likae," binti alisema, akaweka wembe chini.

Saa kumi mlango mdogo ulifunguliwa. Jua lilipenya kwenye matundu mia moja na kumi na sita, na sakafu ya simenti ikajaa mwanga wa kila umbo: viwiko, magoti, meno ya panya. Watu waliingia kwa kelele, wakatazama chini, kisha wakaanza kutafuta. "Hili shati letu!" mwanamke mmoja alisema, akasimama juu ya mwanga wake akakataa kuondoka.

Mwenyekiti wa ushirika aliingia mwisho. Alipiga hatua mbili akasimama, akatazama chini ya viatu vyake.

"Mbona hapa mlangoni pana giza? Kwingine kote pana mwanga."

Binti alivuta pumzi. "Hapo kazi inazungumzia..."

"Nyamaza," Fundi alisema. Akasogea mbele. "Hapo ni mdogo wangu, aliyebeba marobota humu. Alileta koti nikamwambia kesho."

Mwenyekiti alimjua marehemu. Ndiye aliyekuwa akimwandikia zamu. Alilitafuta koti kwenye pazia mpaka akaliona, na kiraka chake begani, kisha akatoa mguu wake kwenye giza lile taratibu, akapita pembeni. Alizunguka ghala lote mikono nyuma. Aliporudi alimwambia binti kwamba mahindi yatatafutiwa pengine, akasema kwa sauti ileile ambayo angetajia hali ya hewa.

Kisha akamgeukia Fundi, na kwa kuwa alikuwa binadamu na wiki saba ni wiki saba, akakohoa.

"Na suruali yangu, Fundi? Au ndiyo kesho?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshatoa ufunguo wa chumba chake mfukoni.

"Leo," akasema. "Vuka barabara, ukae kwenye benchi langu, na usiondoke."