Koesista za Mjane wa Mtaa wa Juu

Nusura nimuue mume wangu Jumapili asubuhi, kwa sahani ya koesista.

Usicheke. Kwetu Bo-Kaap, Cape Town, Jumapili bila koesista si Jumapili. Ni ndugu wa maandazi: unga, iliki, ganda la chenza. Zinakaangwa Jumamosi, kesho yake zinachemshwa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Tumerithi kwa mabibi zetu waliouzwa utumwani kutoka visiwa vya mashariki, pamoja na haya makalio.

Sasa Riedwaan wangu akaanza kuzifuata kwa Rugaya, mjane wa mtaa wa juu. Kila Jumapili. Zangu anamega kidogo, anasema ameshiba.

Ameshiba nini, na kwa nani?

Wivu ukanipanda hadi utosini.

"Huyo mjane anakuwekea nini?"

"Waseema, ni unga tu."

"Basi leo utakula unga wangu."

Nikazamisha koesista kwenye shira nzito, sukari mara mbili. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni. Akanitazama, akala. Akala mpaka sahani ikabaki nazi tupu. Nikajiona mshindi.

Kufika jioni anakunywa maji hayamtoshi, maneno yanamkwama. Akalegea kitini. Tukamkimbiza hospitali.

Rugaya akasikia, akatufuata hukohuko.

"Umempa zenye shira?"

"Kwani wewe ulikuwa unampa zipi?"

"Kavu, mdogo wangu. Aliniambia ana kisukari tangu mwaka jana. Kumbe hujui?"

Sikujua. Mimi, mke wa ndoa.

Riedwaan alipopata nafuu nikambana. Akasema aliogopa, kwa sababu baba yangu alikatwa mguu kwa sukari.

"Sikutaka uanze kunililia ningali hai."

"Na jana zangu ulizila kwa nini?"

"Ulivyosimama pale, nikaona afadhali sukari."

Watu wananiambia nimshukuru Rugaya. Nimemshukuru, na sahani ya sambusa nimempelekea. Najua hawakuwa na lolote.

Lakini wivu haujaisha, umezidi. Angekuwa hawara ningejua pa kumshika. Huyu alipewa siri ya mwili wa mume wangu kabla yangu, nami nikabaki na sukari mkononi.

Wanaume, ukiumwa, wa kwanza kujua awe wa nyumbani. Ukimficha mkeo kwa kumhurumia, ipo siku atakupikia kwa mapenzi yote kitu cha kukuua.