Meza Isiyojua Kiingereza

Susu wangu, yaani mama yake baba, ni Mkamba. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kutaja bei na kuagana. Mimi nililelewa Nairobi na baba Mkamba na mama Mluhya ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo mimi na susu hatujawahi kuzungumza bila mtu katikati. Nikipiga simu kutoka Sydney, shangazi ndiye hutafsiri. Susu huongea kwa kirefu, sauti ikipanda na kushuka, mara acheke, mara anung'unike, kisha shangazi ananiambia, "Anasema ni mzima." Nikiuliza kama ni hayo tu, shangazi husema ndiyo, ni hayo tu.

Susu amezeeka. Kila simu ninayokata, najua nimepoteza kitu na sijui ni nini.

Ndiyo maana naona aibu kuandika sentensi inayofuata. Lugha niliyokaa chini kujifunza peke yangu, jioni baada ya jioni, bila mwalimu, haikuwa Kikamba. Ilikuwa Kiwelshi.

Sababu ninaijua. Nilipokuwa mdogo, likizo moja kijijini, nilijaribu kumwambia susu kwa Kikamba kwamba maji ya kuoga yamepata moto. Sijui nilisema nini hasa, lakini binamu zangu walianguka chini kwa kicheko, na mpaka leo hakuna harusi ya ukoo wetu inayopita bila mmoja wao kulirudia neno langu kwenye meza ya chakula. Wengine wangecheka nao. Mimi nilifunga mdomo. Ndivyo nilivyo. Kazi yangu ni kukagua hati za makontena karibu na Port Botany, bandari ya Sydney, ambako tarakimu moja ikikosewa kontena linakwama bandarini, na ninasoma kila mstari mara tatu hata ule ambao mkubwa wangu ameshausoma. Wananisifu kwa hilo. Hawajui kwamba nikiwa kwenye treni kurudi nyumbani bado naendelea kuusoma kichwani.

Siku moja kwenye treni hiyo nilisikia mzee na mke wake wakizungumza lugha iliyonikwaruza masikio vizuri. Niliwauliza, wakaniambia ni Kiwelshi, lugha ya Wales kule Uingereza. Nilianza kujifunza wiki hiyo hiyo kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa. Niliipenda, sikatai, lakini kilichonivuta zaidi ni kwamba hakuna shangazi, hakuna binamu, hakuna mtu yeyote duniani ambaye angenisikia nikikosea. Nilifanya mazoezi bafuni huku nimefungulia maji. Simu yangu ilinipa alama kamili kila nilipomaliza somo. Sikuwahi kuzungumza na binadamu hata mmoja.

Binamu yangu ninayeishi naye, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeniambia nitoke bafuni. Niliona tangazo la kozi ya wiki moja kwa watu wazima, mnakaa pamoja kwenye nyumba ya mafungo ya kanisa kaskazini mwa Sydney, na tangu unapoingia getini Kiingereza ni marufuku. Nilimsomea akiwa anapasi sare yake.

"Wacha nielewe," akasema. "Umeomba likizo ya kazi ukafungiwe na wazungu wazee, wakukataze Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Na Kikamba je, nani alikukataza?"

 Nilijiandikisha usiku huo huo kabla ujasiri haujaniisha, na moyoni nilijiwekea sharti: nikiweza kufungua mdomo kule, mbele ya wageni, nitampigia susu bila mkalimani. Nisipoweza, niache kujidanganya kwamba tatizo langu ni muda.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, juu ya kilima chenye mikalitusi, na kasuku weupe waliopiga kelele kuliko sisi. Wanafunzi wengi walikuwa wastaafu ambao babu zao walitoka Wales. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na subira isiyo ya kawaida. Alikuwa hasahihishi. Ukisema, anajibu. Ukikwama, anakungoja kama mtu anayengoja maji yachemke.

Shida ilianza mezani. Desturi yao ni kwamba hakuna anayejipakulia. Vyakula vimepangwa mbali mbali, na kitu ukikitaka unamwomba jirani yako kwa Kiwelshi. Si adhabu, lakini usipoomba hakiji. Mimi nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu hali ya hewa na kituo cha treni. Katika vyakula, vitu nilivyokuwa na hakika ya kuviomba bila kosa lolote vilikuwa mkate, siagi na viazi. Kwa hiyo nilikula mkate, siagi na viazi. Mchana na jioni. Kesho yake pia. Mbele yangu palipita soseji, karoti, kuku wa kuoka, keki ya zabibu kavu, na mimi nilikuwa nikiipanga sentensi kichwani, naigeuza, naikagua kama hati ya kontena, na nikiwa tayari sahani imeshaondolewa.

Jirani yangu alikuwa dereva wa malori mstaafu, mwanamume mkubwa mwenye mikono kama makoleo. Kiwelshi chake kilikuwa kibaya kiasi cha kuniumiza tumbo. Alisema "mimi soseji wewe toa," akapewa soseji. Akaonyesha kidole na kusema "ile ya kahawia, rafiki wa nyama," akapewa mchuzi. Alikula kuliko sisi sote. Aliitazama sahani yangu, akatafuta maneno, akaniita Malkia wa Viazi, na meza nzima ikacheka. Nilicheka pia, kwa meno.

Siku ya tatu asubuhi nilifunga begi langu na kutoka kwenda kituo cha basi. Nilikuwa nimeshapanga nitakachomwambia binamu: kwamba kozi ni ya watu wenye asili ya huko, kwamba kiwango si changu. Getini nilimkuta mwalimu akisukuma mapipa ya taka barabarani. Aliliona begi. Aliniuliza kwa Kiwelshi ninakwenda wapi.

Niseme kweli, nilitumaini angevunja sharti lake na kunibembeleza kwa Kiingereza. Hakulivunja. Alishika mpini wa pipa, akangoja.

"Nyumbani," nikasema. "Mimi mbaya."

"Nyumbani wapi?"

Swali hilo sikuwa nimeliandalia kitu. Nilifungua mdomo na yakatoka yaliyokuwepo. "Afrika bibi. Yeye lugha, mimi hapana lugha. Mimi hofu. Watu cheka." Nilijisikia nikikosea kila neno, na bado nikaendelea. "Yeye mzee sana. Mimi nataka sema yeye kabla."

Nilishindwa kumalizia kabla ya nini. Hakunipa neno. Hakunisifu wala hakunihurumia. Aliuliza tu, "Anapenda kuzungumza juu ya nini?"

Nikasimama pale na begi langu. Sikujua. Mtu ananiuliza kuhusu bibi yangu mwenyewe, kwa lugha yoyote ile, na jibu sina.

"Mimi hapana jua," nikamwambia.

Alinisogezea pipa la pili. Nililisukuma hadi ukingo wa barabara, tukarudi pamoja juu ya kilima, nikaenda kulifungua begi.

Sikuamka jasiri kesho yake. Niliamka na uamuzi, ambao ni kitu kigumu zaidi. Nilijiambia nianze na kile ambacho mtu wa kwetu hawezi kukosa, yaani salamu. Kabla ya chai nilimwendea kila mtu na kumsalimu kama inavyopasa: umelalaje, mwili je, nyumbani je, watoto je, kazi je. Nilitarajia waniambie nzuri, nzuri, nzuri, nipite. Wazungu hawakujua hilo. Nilipomuuliza dereva kuhusu nyumbani kwake, alidhani nauliza nyumba. Aliketi, akanieleza kwa Kiwelshi chake kilichovunjika kwamba paa linavuja, fundi amekuja mara mbili, fundi ni mwongo. Mama mmoja mstaafu nilimuuliza mwili, akaanzia gotini. Walinijibu kweli, wote, na mimi niliyeuliza nikalazimika kusikiliza, kukisia, kuuliza tena. Gotini kwa vipi? Fundi alisema nini? Chai ilipoa. Sikupata nafasi ya kukagua sentensi hata moja.

Mwalimu alisikiliza akiwa mlangoni, na kuanzia siku iliyofuata akazifanya salamu hizo kuwa somo la kwanza la asubuhi. Mchana huo niliomba kuku kwa sentensi ambayo hata mtoto angeionea haya. Dereva alinipitishia sahani nzima.

"Malkia kula ndege," akasema.

"Malkia kula ndege," nikakubali.

Niliporudi nyumbani Jumapili, binamu alitaka nimsemeshe Kiwelshi. Nilimwambia angoje, nikaingia chumbani na kumpigia shangazi. Nilimwomba ampe susu simu na asitafsiri.

"Utamwambia nini?" akauliza shangazi. "Nipe mimi nimwambie."

"Mpe tu, shangazi."

Nilimsalimu susu kwa Kikamba, kile kidogo nilichookota likizoni utotoni.  Nikamwambia ni mimi, mtoto wa mwanawe, niko mbali, nataka kuongea naye. Ndivyo nilivyokusudia, angalau. Susu aliangua kicheko, kama kile cha binamu zangu zamani, akaita watu, na nikasikia viti vikisogezwa, nikajua kwamba uwanja mzima sasa unanisikia.  Nikasema sentensi nyingine. Wakacheka tena. Nikasema ya tatu.

Shangazi akajaribu kuichukua simu, maana nilisikia sauti yake ikikaribia. Susu alimkemea kwa maneno mafupi ambayo hayakuhitaji tafsiri.

Kisha akaniuliza jambo. Sikulielewa. Nilimwomba arudie, akarudia. Nikaomba tena, na mara hii alilikata kata polepole kama anayemkatia mtoto nyama, nikashika neno moja, halafu la pili. Alikuwa anauliza kama huku niliko kuna baridi. Nilimwambia ipo. Nilikosea hilo pia, akanisahihisha, nikalisema alivyolisema yeye, naye akaendelea na swali lingine.